Fundi Aliyekataa Kuubomoa Ukumbi wa Mpunga

Ni saa moja na dakika chache asubuhi na jua la Kyela limeshaanza kuchoma. Tulinagwe Mwakatobe amesimama kwenye ubao uliofungiwa juu ya miti, mita nne kutoka ardhini, sikio lake likiwa karibu kuugusa ukuta. Anagonga tofali kwa mpini wa mwiko, anasikiliza, kisha anahamia jingine.

"Hili zima," anasema bila kugeuka.

Anagonga la pili. Mlio wake ni mzito, kama wa kugonga gunia. Anachora msalaba kwa chaki. "Hili linatoka."

Chini yake, katika kata ya Bondeni, bajaji zinapishana kuelekea sokoni. Mama mmoja aliyebeba mkungu wa ndizi anapunguza mwendo na kuinua uso. "Mugonile, Fundi!" anasalimu kwa Kinyakyusa. "Ndaga, mama, ndaga," anajibu Tulinagwe, na mkono wake hauachi kugonga.

Akiwa na miaka 46, Tulinagwe ndiye msimamizi wa kazi ya uashi katika jengo ambalo wazee wa mji huu wanaliita Ukumbi wa Mpunga. Wengi wanaopita hapa wanajua kwamba ndiye anayelikarabati. Walio wachache zaidi wanajua kwamba aliitwa hapa kwa mara ya kwanza ili alibomoe.

Jina lililo kwenye karatasi ni Ukumbi wa Wakulima. Ulijengwa kati ya mwaka 1957 na 1959 na umoja wa wakulima wa eneo hili, waliotoa mpunga wa msimu mzima ili kupata bati na mbao. Kwa nje unaonekana wa kawaida, lakini ukikaa nao kwa muda unagundua kwamba aliyeuchora aliijua Kyela vizuri.

Mji huu uko chini, katika tambarare inayoelekea Ziwa Nyasa, na mito ikifura maji hayana pa kwenda isipokuwa majumbani. Kwa hiyo sakafu ya ukumbi imeinuliwa, na mtu hupanda ngazi saba kabla ya kufika mlangoni. Paa limetokeza nje karibu mita mbili kila upande, ili mvua isiupige ukuta. Juu ya kuta kuna safu za matofali yaliyopangwa kwa kuachiana matundu, na joto la watu mia nne hutoka nje kupitia hapo.

Ndani, sakafu inateremka kidogo kuelekea jukwaani, kiasi kwamba aliyeketi benchi la mwisho hazibwi na kisogo cha mwenzake. Jukwaa ni la mbao za mvule. Kenchi za paa zimeunganishwa kwa vigingi vya mbao, na misumari ni ya kuhesabu. Kwenye ukuta wa nyuma, juu, kuna tundu la mraba lililokuwa la mashine ya sinema.

"Simama jukwaani useme kwa sauti ya kawaida tu," anasema Tulinagwe. "Mwenzako aliye mlangoni anakusikia. Hakuna spika. Ni ukuta unafanya kazi hiyo."

Kwa zaidi ya nusu karne watu walikuja hapa kutazama maigizo, sinema, ngoma na mashindano ya kwaya. Kisha bati likaanza kuvuja, popo wakahamia kwenye kenchi, na ukumbi ukawa stoo ya magunia. Mwaka 2016 milango ilifungwa kwa kufuli.

Tulinagwe alizaliwa Ipyana, katika familia ya wakulima wa mpunga na kakao. Alimaliza darasa la saba, akaolewa, akapata mtoto mmoja, Lugano. Ndoa ilipovunjika alirudi mjini akatafuta kibarua. Alichokipata kilikuwa kubeba maji na kuchanganya zege kwenye ujenzi wa zahanati.

"Fundi wetu alikuwa mzee Jubilate," anakumbuka. "Siku moja mwashi mmoja hakuja. Mzee akaniangalia akasema, wewe mama, unanitazama mikono kila siku, hebu shika mwiko tuone. Wenzangu walicheka. Nikapanga mstari mmoja. Akaweka pima maji juu yake. Kesho yake akaniambia nisibebe maji tena."

Hiyo ni miaka ishirini na miwili iliyopita. Leo mwashi wa Kyela hulipwa wastani wa shilingi 25,000 kwa siku, pale kazi inapokuwapo. Masika hali ni nyingine. Kuna mwezi wa Aprili ambao Tulinagwe alifanya kazi siku sita tu, nyingine zote akazimalizia kibarazani akiangalia mvua.

Ndiyo maana Oktoba ya mwaka juzi, alipoitwa na Zebedayo, mwenyekiti wa umoja wa wakulima, alikwenda mbio.

Mwenyekiti alikuwa na taarifa ya mhandisi mkononi. Ukuta wa upande wa mashariki ulikuwa na ufa mrefu kutoka madirishani hadi chini, na mhandisi alikuwa ameandika kwamba ukuta huo si salama. Wanachama walikuwa wamekubaliana kuuvunja ukuta huo pamoja na jukwaa, kisha kujenga fremu kumi na mbili za maduka. Tulinagwe alitakiwa kuongoza kazi hiyo kwa miezi mitatu mfululizo.

"Sijawahi kupata kazi ya miezi mitatu," anasema. "Lugano alikuwa amepata nafasi ya chuo cha uuguzi. Nilirudi nyumbani nikamwambia, mwanangu, anza kufunga begi."

Siku ya kwanza ya kazi alianza na mwenzake Ambilikile, kibarua ambaye amefanya naye kazi kwa miaka mingi. Walianza kubandua lipu ili waone matofali yamepangwaje, maana ukuta hauvunjwi kiholela. Lipu ilikuwa ya saruji, iliyopakwa miaka mingi baada ya ujenzi. Chini yake kulikuwa na matofali mekundu ya kuchoma, na Ambilikile ndiye aliyeona kwanza.

"Fundi, njoo uone. Haya yameandikwa."

Hayakuwa yameandikwa kwa maana ya maandishi. Tofali moja lilikuwa na mikwaruzo mitatu ya vidole. La pili yake lilikuwa limegandamizwa gunzi la hindi udongo ukiwa bado mbichi. Jingine lilikuwa na duara, jingine msalaba, jingine unyayo wa mtoto mdogo. Kadiri walivyobandua ndivyo alama zilivyozidi kutokea, ukuta mzima.

Tulinagwe aliweka nyundo chini. Anasema hakuwaza historia wakati ule, aliwaza kazi. Alilichunguza tofali moja kwa tindo, likakataa kumegeka. Akashusha timazi kutoka juu ya ukuta hadi chini, akapima. Ukuta ulikuwa umesimama wima.

"Nikamwambia Ambilikile, huu ukuta hauanguki. Kuna mtu amekosea, na sidhani kama ni waliojenga."

Mchana huo habari ilishafika sokoni. Jioni yake akaletwa kwa bajaji bibi mmoja kutoka Ipyana, Maria Kajuni, mwenye miaka 84. Alipandishwa ngazi kwa kushikwa mikono, akapewa benchi, lakini hakuketi. Alitembea akiupapasa ukuta mpaka akasimama mbele ya tofali lenye mistari miwili iliyopindana.

"Hili la mama yangu," alisema. "Nilikuwepo akilichora."

Tulinagwe alimuuliza alama hizo zilikuwa za nini. Bibi Maria akacheka mpaka akajishika mbavu.

"Za kuaibishana, mwanangu! Kila nyumba ilitoa matofali. Tofali likipasuka tanurini, fundi anaangalia alama, analirudisha kwa mwenyewe mbele za watu. Nani angetaka arudishiwe? Basi mama yangu alikanyaga udongo mpaka miguu ikavimba. Yaliyobaki ukutani ni yale ambayo hayakurudi kwa mtu."

Jioni hiyo alisimulia mengi. Alikuwa msichana wa miaka kumi na minane ukumbi ulipofunguliwa, na aliigiza katika igizo la kwanza lililochezwa humo, akiwa mama mkwe mkorofi aliyekuja kumtembelea mwanawe na kukataa kuondoka.

"Watu walicheka hadi yule mshika pazia akasahau kazi, akaliachia kabla hatujamaliza," alisema. "Tukaendelea kuigiza nyuma ya pazia. Nao wakaendelea kucheka."

Kesho yake asubuhi Tulinagwe alikwenda kwa mwenyekiti. Wote wawili wanayakumbuka vizuri mazungumzo hayo.

"Mzee Zebedayo, ukuta ule si mbovu."

"Mama Lugano, mhandisi amesema ni mbovu. Ana shahada."

"Alichimba?"

"Alichimba nini?"

"Msingi. Ufa ni kama homa, mzee. Lazima ujue unatokana na nini. Nipe siku tatu nichimbe."

Zebedayo, ambaye leo anayasimulia haya kwa aibu kidogo, alimwambia kwamba hakumwajiri kuchimba. Kuna wafanyabiashara walishaahidiwa fremu. Kama hataki kuvunja, aseme, atatafutwa fundi mwingine ifikapo Jumatatu.

"Nilitoka pale nikaenda nyumbani kwa miguu," anasema Tulinagwe. "Niliwaza, kwa nini nisivunje tu? Ukumbi si wangu. Nikiuvunja mtoto anasoma. Nikikataa, mwingine atakuja auvunje, na mtoto hasomi. Nilihesabu hivyo njia nzima."

Alipofika nyumbani alimweleza Lugano. Binti akasema kitu ambacho mama yake hajakisahau: "Kwa hiyo mama, matofali ya watu waliokufa yana thamani kuliko mimi?"

"Nilimwambia tu kwamba kama ningejua ukuta ni mbovu ningeuvunja huku naimba," anasema Tulinagwe. " Lakini najua ni mzima. Nitavunjaje kitu kizima halafu kesho nijiite fundi? Hakunielewa. Alilia, na mimi nikalia chumbani kwangu."

Ijumaa na Jumamosi, bila malipo, Tulinagwe na Ambilikile walichimba kwenye kona ya mashariki. Walitarajia kukuta msingi mfupi. Walichimba hadi magotini, hadi kiunoni, hadi kifuani. Msingi ulikuwa wa mawe makubwa ya mtoni, yaliyopangwa kwa mkono na kushikwa kwa chokaa, mpana mara mbili ya ukuta wenyewe. Waliojenga walijua udongo wa hapa ni laini.

Kisha wakachimba upande wa pili wa ufa, na hapo ugonjwa ukaonekana. Miaka ya themanini ukumbi uliongezewa kijumba cha kukatia tiketi, kikaunganishwa moja kwa moja na ukuta wa zamani. Kijumba hicho hakikuwa na msingi wowote wa maana, kilikaa juu ya udongo tu. Kila masika kilizama kidogo, na kila kilipozama kiliuvuta ukuta.

"Ni kama mtu anayezama amekushika shati," anaeleza Tulinagwe. "Si kwamba hujui kuogelea. Umeshikwa."

Jumatatu wanachama walipokusanyika, waliwakuta Tulinagwe na Ambilikile wakiwasubiri kwenye kona ya mashariki. Tulinagwe aliwaonyesha mashimo yote mawili. Mabishano yalikuwa marefu. Mwanachama mmoja alisema mwanamke huyu anatafuta kazi ya kudumu. Mwingine akauliza kama ukuta ukianguka yeye ndiye atakayezika watu. Tulinagwe alijibu kwamba haombi kuaminiwa, anaomba kusubiriwa.

Pendekezo lake lilikuwa hili: kijumba kikatwe kitengane na ukuta, kisha vipande vya kioo vibandikwe kwa saruji juu ya ufa. Kioo hakijui kunyumbuka. Ukuta ukisogea hata kidogo, kitavunjika. Masika yakiisha na vioo vikiwa vizima, mhandisi aitwe tena. Vikivunjika, yeye mwenyewe atashika nyundo.

Aliyemaliza mabishano ni Bibi Maria, ambaye alikuwa ameomba aletwe. Hakusema mengi. Aliwauliza waliokuwepo kila mmoja amtaje bibi yake mzaa baba, kisha akamwambia kila mmoja alama ya nyumba ya bibi huyo na kuwatuma ukumbini wakaitafute. Walikaa humo zaidi ya saa moja. Watu wazima walikuwa wakiitana kwa sauti kutoka kona hadi kona. Walipotoka, kura ya kusubiri ilipita.

Kazi ya kubomoa ikafa siku hiyo, na malipo yake yakafa nayo. Lugano hakwenda chuo mwaka ule. Tulinagwe alijenga banda la nguruwe, vyoo viwili na ukuta wa shamba la kakao, na mvua zilipoanza akarudi kibarazani. Lakini kila asubuhi alipita Bondeni kuangalia vioo. Vilikuwa saba.

Masika ya mwaka jana yalikuwa makali. Aprili maji yaliingia mitaani usiku kucha, na asubuhi Bondeni ilikuwa ziwa. Familia zaidi ya thelathini zilikimbilia ukumbini na magodoro na kuku wao, kwa sababu ndiyo sakafu pekee ya karibu iliyokuwa kavu. Maji yalipanda hadi ngazi ya tano, yakakaa siku mbili.

Tulinagwe alivuka maji ya kiuno kuja kutazama. Kijumba cha tiketi, kilichokatwa miezi michache kabla, kilikuwa kimelala ubavu kabisa. Ukuta ulikuwa pale pale. Ndani, wanawake walikuwa wakipika uji nyuma ya jukwaa na watoto wamelala kwenye mabenchi.

"Nilihesabu vioo huku mikono imekufa ganzi kwa baridi. Sita vizima. Cha saba hakipo. Nikapapasa chini, nikakipata kwenye tope, hakijavunjika. Kilidondoka. Saruji niliyokibandikia ilikuwa na mchanga mwingi. Kosa langu mwenyewe," anasema na kucheka. "Nikamwambia mwenyekiti ukweli hivyo hivyo. Sikutaka aje kusikia kwa mtu."

Juni, yule mhandisi, Humphrey, alirudi kutoka Mbeya. Ni mtu mpole, mwenye asili ya mkoa mwingine, na anaizungumzia taarifa yake ya kwanza bila kujitetea. "Nilikuja siku ya mvua, maji yamejaa, nikauona ufa mkubwa, nikaandika kwa tahadhari. Sikuchimba. Yeye alichimba," anasema. Alipima ukuta kwa vifaa vyake siku mbili nzima, akaandika taarifa mpya: jengo linafaa kukarabatiwa. Kwenye ukurasa wa mwisho akapendekeza kwamba uashi wote usimamiwe na Tulinagwe Mwakatobe.

Zebedayo ndiye aliyempelekea habari, kwa miguu, hadi nyumbani kwake. "Nilimwambia, Mama Lugano, nilikudharau, naomba unisamehe," anasimulia mwenyekiti. "Akaniambia nikae, ninywe chai. Ndaga fijo, yaani asante sana, ndiyo yote aliyosema. Kisha akaniuliza saruji inakuja lini."

Ukarabati ulianza Julai mwaka jana. Fremu za maduka hazikuachwa kabisa. Nne zimejengwa pembeni, mbali na ukuta, zikiwa na msingi wake, na kodi yake inasaidia kununua bati. Lipu ya saruji imebanduliwa yote, na wanachama wamekubaliana isirudishwe. Karibu kila Jumapili baada ya ibada kuna familia inakuja kutafuta tofali lake. Wengine wameshatoka Mbeya na hata Dar es Salaam kwa ajili hiyo.

Mwalimu Marystella, aliyehamishiwa hapa kutoka Singida, ameshaanza kuwafanyisha wanafunzi wake mazoezi ya maigizo jukwaani, katikati ya vumbi na milio ya nyundo. Amemwomba Bibi Maria awafundishe lile igizo la mama mkwe. Hakuna aliyeliandika, liko kichwani mwake tu, na kila wiki anakumbuka kipande kingine. Wanatarajia kulicheza Desemba, ukumbi utakapofunguliwa.

Lugano alianza masomo ya uuguzi Septemba ya mwaka jana, mwaka mmoja nyuma ya wenzake. Safari ya kwanza aliporudi likizo alikwenda mwenyewe ukumbini bila kuambiwa, akavua viatu, akabeba maji ya kuchanganyia chokaa kutwa nzima. "Hatukuongelea yale ya nyuma," anasema Tulinagwe. "Jioni alinisugua mikono kwa mafuta. Ikawa imekwisha."

Sasa fundi huyu ana jambo jingine kichwani. Kwa miaka yote hii hajawahi kuwa na cheti. Humphrey amemweleza kwamba chuo cha ufundi stadi kina mtihani kwa mafundi waliojifunzia kazini, na kwamba akifaulu ataweza kuomba kazi kubwa kwa jina lake mwenyewe. Mtihani ni Novemba. Sehemu ya vitendo haimtishi. Inayomnyima usingizi ni ile ya kuandika.

Wiki iliyopita Lugano alimjazia fomu, wakiwa wameketi mlangoni. Jina, umri, miaka ya uzoefu, yote yalikwenda haraka. Walipofika penye nafasi ya lengo la mwombaji, binti aliandika bila kuuliza: kupata ajira bora.

Mama yake alimwomba amsomee alichoandika. Kisha akamwomba afute.

"Ajira ninayo," Tulinagwe alisema. "Andika kwamba nataka kufundisha."